Mshika Filimbi Haimbi

Mshika filimbi haimbi. Maneno hayo Sikudhani aliambiwa kiwandani, siku chache baada ya kufanywa msimamizi wa zamu, alipolalamika kwamba wenzake wa kusaga unga hawamwiti tena kwenye chai. Akaja nayo nyumbani kwa bibi yake Nyanzala, na wadogo zake nao wakataka kujua yametoka wapi. Bibi akacheka kidogo, akatandaza miguu kwenye mkeka.

"Yalitoka relini," alisema, "na yalianza hivi."

Zamani reli ilinyanyuliwa kwa mikono na kwa wimbo. Watu wa genge waliingiza mitaimbo chini ya chuma, mmoja akaimbisha, na kwenye kiitikio wote wakasukuma kwa pamoja. Bila wimbo kila mtu husukuma kwa wakati wake, na chuma hakiendi popote. Katika genge moja la huko Unyamwezi mwimbishaji alikuwa Mihambo, na sauti yake iliweza kumwamsha mtu usingizini asikasirike.

Mnyapara wa genge alipostaafu, bwana reli, mkubwa wa kazi, alimpa Mihambo nafasi yake, pamoja na filimbi na bendera nyekundu. Kazi yake sasa ikawa kupanga nani ashike wapi, kukagua mitaimbo kabla haijaingia mikononi mwa watu, kuhakikisha maji ya kunywa yapo, na kujua treni ipi inapita saa ngapi. Zaidi ya yote, alitakiwa kusimama juu ya tuta, mbali na kelele, akitega sikio upande wa kona ya reli, apulize filimbi kitu kikija. Treni zina ratiba, lakini kiberenge hakina. Kile kigari cha wakaguzi huja kinapotaka, tena bila kishindo.

Mihambo aliifanya kazi hiyo vizuri. Lakini moyo, jamani, moyo ulibaki chini na wenzake. Kuimbisha alikabidhiwa Lugendo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwenye kifua cha ng'ombe na sauti ya debe. Na saa ya kula, wenzake walimtengea Mihambo bakuli lake peke yake. Hakuna kinachochoma kama heshima ya watu uliokuwa ukigombania nao mboga.

Siku moja walikuwa wakibadilisha reli karibu na kona. Treni ya mizigo ilikuwa imeshapita. Lugendo akaanzisha wimbo, ukafa; akaanzisha tena, ukafa tena. Mihambo alijiambia kwamba kazi inachelewa na mnyapara ndiye atakayeulizwa. Ni kweli, angeulizwa. Lakini mwenye kiu hakosi sababu ya kupita kisimani. Akatia filimbi mfukoni, akashuka, akajipenyeza kati ya wenzake na kuimbisha.

Lo! Wanaume wale walicheka kwa furaha, wakaitikia, na chuma kikainuka. Mihambo aliimba amefumba macho, bega lake limegusana na mabega ya wenzake, na machozi yakamtoka kwa raha. Kiberenge kilipotokeza kwenye kona hakuna aliyekisikia. Wengi waliwahi kuruka. Lugendo alikuwa amekipa mgongo, kikamgonga.

Alipona, lakini mguu mmoja ulivunjika vibaya. Mihambo alimkuta hospitali amelala chali.

"Nairudisha filimbi," alisema. "Nitamwomba bwana reli aniweke tena kwenye genge, nishike mtaimbo kama zamani."

"Halafu aishike nani?" Lugendo aliuliza.

"Yeyote. Mimi nimekuvunja mguu, ndugu yangu."

"Wimbo ule ulikuwa mtamu, Mihambo. Sikusikia kitu kingine chochote. Wala sikutakiwa kusikia. Mimi nilikuwa nimeinama, naimba, nikijua yupo anayenisikilizia."

"Nimewakumbuka, Lugendo. Niko pale juu nawaona, lakini nimewakumbuka."

"Na sisi tumekukumbuka. Lakini rudi kwenye tuta. Mshika filimbi haimbi."

Akarudi. Alikaa juu ya tuta mpaka nywele zikawa nyeupe, na katika genge lake hakuumia mtu mwingine. Hamu haikumwisha. Kila wimbo ulipoanza koo lilimwasha, akameza mate, akatega sikio. Alijiliwaza kwa jambo moja tu: kwamba siku atakayoikabidhi filimbi ataimba mpaka sauti ikauke.

Siku hiyo ikafika. Kesho yake alfajiri alikwenda relini mikono mitupu, akasimama kati ya vijana, akavuta pumzi. Vijana wakaanza. Wimbo ulikuwa mpya, hakuujua hata mstari mmoja. Nyimbo za kwao zilikuwa zimeondoka na watu wake, na Lugendo alikuwa miongoni mwao. Mihambo alibaki kinywa wazi, kisha akakifumba taratibu, na akajikuta amegeuza sikio upande wa kona.

Sikudhani alikuwa akitazama mikono yake.

"Hakuimba tena, bibi? Hata siku moja? Si alikuwa ameshaikabidhi filimbi?" aliuliza.

"Mshika filimbi haimbi, mjukuu wangu," alisema Bibi Nyanzala. "Hata akiiweka chini."