Kigoda Kilichoinuka na Mtu

"Vanishi hukauka juu kwanza."

Hayo ndiyo maneno manne aliyoyatamka mkuu wa shule Jumamosi asubuhi, akiwa amesimama katikati ya bweni la kidato cha pili, viatu vyake vyeusi vikiwa vimegeuka vyekundu. Wasichana sita wa bweni hilo walikuwa wamepaka rangi ya sakafu kabla ya kengele ya ukaguzi. Waliipaka nene kama siagi juu ya vumbi la wiki nzima, bila kufagia, kwa sababu kufagia kunachosha. Mkuu hakugomba. Alisema maneno yake manne, akaacha nyayo zake hadi mlangoni, akaenda zake.

Mkosaji asiyepewa adhabu hukosa raha kuliko aliyechapwa. Basi wale sita wakaenda jikoni kwa Bibi Namsifu, mpishi mkongwe wa shule, wakamkuta akikoroga uji. Wakamuuliza maneno yale yametoka wapi.

"Yametoka kwetu Kisangeni, milimani Upareni," alisema. "Kaeni. Si hapo, Nanzia, hapo pana masizi. Methali hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wake ni huu."

Kisangeni kuna mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani, na maji hayo hayafunguliwi na kila mwenye jembe. Yupo mgawa maji, ambaye ndiye husema leo yaende kwa nani na kesho kwa nani. Zamani sana mgawa maji mmoja alikataa kuiacha kazi hiyo. Migomba ya ndugu zake ilinenepa huku maharage ya wajane yakikauka, na kila alipoambiwa atoke, alijibu kwamba bado ameketi. Alipokufa, wazee wakaweka desturi. Kila mgawa maji mpya huchongewa kigoda chake. Siku ya kukabidhiwa kazi hukaa juu yake wakati majina ya waliomtangulia yakitajwa, kisha huinuka mara tatu mbele ya watu. Kuinuka kule ndiko kiapo chake, kwamba siku atakayoambiwa basi, ataondoka.

Miaka mingi baadaye mgawa maji mwingine alifariki mvua za kupandia zikikaribia, na aliyechaguliwa alikuwa Mbonea Msuya, mtu mpole, ambaye aliwahi kumfungulia jirani maji siku ya zamu yake mwenyewe. Kazi ya kigoda akapewa Elinami Mrutu.

Elinami alikuwa fundi kweli. Tezo aliyochongea aliirithi kwa baba yake, na hakutoka nyumbani bila kuitundika begani, hata akienda kanisani. Kigoda cha Mbonea alikichonga kwa siku mbili kutoka gogo moja la mringaringa, nacho kikakaa juu ya miguu yake mitatu kwa utulivu wa kuku anayeatamia. Kilichobaki ni kukisugua.

Hapo ndipo ilipokuwa shughuli. Desturi ilitaka kigoda kisuguliwe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta ya nyonyo, kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, kila asubuhi kwa siku thelathini, mpaka mti unywe ushibe. Kazi hiyo haina sifa. Mtu akienda shambani anakuona unasugua, akirudi anakuona unasugua, na kigoda ni kilekile. Elinami alisugua siku nne. Siku ya tano kulikuwa na mlango wa mtu wa kutengeneza, siku ya sita kulikuwa na mvua, na baada ya hapo hakuhitaji tena sababu. Zilipobaki siku mbili akateremka mjini Same, akarudi na kopo la vanishi.

Kopo lilikuwa na maelezo. Yalisema vanishi ipakwe nyembamba kwenye mti mkavu, kisha iachwe siku nzima kabla ya kurudia. Elinami aliyasoma kwa heshima zote, kisha akapaka mara tatu mchana mmoja, juu ya mafuta ambayo mti ulikuwa bado haujamaliza kuyanywa. Kigoda kikang'aa hata ukikiinamia unayaona meno yako.

Kesho yake mkewe, Nakiete, alikizunguka kigoda.

"Imekauka hii?"

"Gusa."

Akagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka safi. Kisha akainama akanusa.

"Baba Ombeni, kitu kilichokauka hakinuki hivi."

"Kwani Mbonea atakikalia kwa pua?"

Nakiete akacheka, maana jibu lilikuwa zuri. Alipomaliza kucheka akanusa tena.

Siku ikafika. Watu wakakusanyika penye chanzo cha mfereji, na kila aliyekiona kigoda alisema hajawahi kuona kingine kama hicho. Elinami alisimama mbele, mikono nyuma, kwa sura ya mtu asiyependa sifa. Mzee Kalaghe, mkubwa wa wazee wote, alikipitishia vidole, akaridhika. Mbonea akaja amevaa suruali mpya ya kaki iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Akaketi.

Majina ya wagawa maji yalikuwa kumi na saba, na Mzee Kalaghe hakuwa mtu wa kuruka jina. Kila mmoja alimtaja na baba yake, na shamba lake, na ukame aliouona. Ukungu ukapanda, jua likatoka, likawaka. Mbonea hakutikisika. Elinami, aliyekuwa karibu, akaanza kusikia ile harufu ya kopo ikirudi taratibu.

"Mbonea wa Msuya," akasema Mzee Kalaghe, "inuka."

Mbonea akainuka. Kigoda kikainuka naye.

Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Mbonea akakaa upesi, kana kwamba jambo hilo halikutokea.

"Inuka."

Safari hii aliinuka polepole, kwa matumaini. Kigoda kikamfuata, miguu mitatu ikining'inia nyuma yake. Mara ya tatu hakuambiwa. Alibaki ameinama nusu, hajasimama wala hajaketi.

"Vigoda viwili nimevishuhudia kabla ya hiki," akasema Mzee Kalaghe. "Kimoja kilitoa mlio, kimoja kiliyumba. Sijaona kilichomng'ang'ania mtu."

"Kimetuonya," akasema mzee mwingine. "Huyu akikaa, hatoki."

"Mimi?" Mbonea akasema kutoka pale alipoinama. "Wazee wangu, kazi yenyewe sikuiomba."

"Hata yule wa zamani hakuiomba."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa, na kutikisa vichwa kwa wazee wa Kisangeni ni kama kupiga muhuri. Elinami alijua kinachofuata. Mbonea angerudishwa nyumbani na jina la mng'ang'aniaji, na watoto wake wangelirithi. Alijua pia kwamba pale hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kushika brashi ya vanishi, kwa hiyo angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Na sheria ya fundi aliijua: aliyekidanganya kigoda cha maji hunyang'anywa tezo yake mbele ya watu.

Akamtafuta Nakiete kwa macho. Nakiete hakuwa akimtazama. Alikuwa akiitazama suruali ya Mbonea. Angemtazama, Elinami angepata mtu wa kumkasirikia.

Akapiga hatua mbele.

"Mzee Kalaghe, kinuse."

"Ninuse nini?"

"Kigoda."

"Elinami, unataka mtu wa umri wangu amnuse Msuya nyuma, mbele ya wakwe zake?"

"Basi bonyeza kwa ukucha. Pembeni hapo."

Mzee Kalaghe akabonyeza. Ule mng'aro ukapasuka kama utando juu ya uji, na chini yake pakatokea ubichi unaonata kama asali. Mzee akautazama ukucha wake.

"Nini hii?"

"Vanishi. Nilipaswa kusugua siku thelathini, nikasugua nne. Kigoda hakijasema neno juu ya Mbonea, mzee wangu. Kimesema juu yangu."

"Lakini asubuhi nimekigusa mwenyewe. Kilikuwa kikavu."

"Juu, mzee. Vanishi hukauka juu kwanza."

Mzee Kalaghe akanyoosha mkono, na Elinami akaishusha tezo ya baba yake begani, akampa. Ndipo wanaume wawili wakakishika kigoda miguu, Mbonea akaruka mbele, na kipande cha kaki cha upana wa kiganja kikabaki juu ya kigoda. Hapo watu wakacheka, na Mbonea mwenyewe akacheka, ameshika nyuma kwa mikono miwili.

Wazee wakaamua hivi. Mbonea atagawa maji, ila kwa siku thelathini atagawa akiwa amesimama. Elinami ataikwangua vanishi yote kwa kigae cha chupa, kisha atasugua siku zake thelathini palepale penye chanzo, kila mwenye jembe apite amwone.

Nao walipita.

"Fundi, imekauka?"

"Bado."

Asubuhi zote thelathini waliuliza, naye zote alijibu. Siku za mwanzo alijibu akiwa ameinamisha kichwa. Karibu na mwisho alikuwa akiwajibu huku akikitazama kigoda, maana mti ulikuwa umeanza kubadilika, si kwa kung'aa bali kwa kutulia, kama ngozi ya mtu aliyepona.

Siku iliyofuata Mbonea aliketi, majina kumi na saba yakatajwa, akainuka mara tatu, na kigoda kikabaki chini kimya kama jiwe. Tezo haikurudi siku hiyo. Ilirudi baada ya mavuno mawili, na Mbonea ndiye aliyeiomba kwa wazee. Mbonea naye aligawa maji miaka tisa. Asubuhi moja akaambiwa basi, akainuka, akakung'uta suruali, akaenda kulima maharage yake.

Bibi Namsifu akauacha mwiko, akausugua mkono wake wa kushoto karibu na kiwiko.

"Na yule mtoto aliyecheka alifinywa hapa," alisema. "Mama yangu alikuwa na vidole vya chuma. Haya, shikeni vikombe."

Akawagawia uji. Nanzia, ambaye wazo la kutofagia lilikuwa lake, aliutazama uji wake. Juu ulikuwa umetulia, umefunga utando, hautoi hata moshi. Akavuta funda kubwa. Macho yakamtoka, machozi yakamlenga, na wenzake watano wakamtazama kwa makini sana.

"Imekauka?" akauliza Bibi Namsifu.

Nanzia akameza kwa shida. Akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua kisu butu na ndoo ya maji ya moto, na wenzake wakasimama kumfuata bwenini kuikwangua sakafu. Mlangoni akageuka.

"Vanishi," akasema, ulimi ukiwa mzito, "hukauka juu kwanza."