Maji Yanayochemka Bila Moto

Mtu anayeficha asilolijua hubaki nalo kama mzigo kichwani, anayeuliza huutua. Ndiyo maana wahenga wakasema kuuliza si ujinga.

Seremala mmoja na kaka yake waliachiwa na marehemu baba yao shamba la mpunga bondeni, mahali pasipokauka maji. Misimu miwili mfululizo walivuna mapepe matupu. Kaka mtu akasema wazi, "Mpunga ukigoma tena, bonde nawapa wafyatua matofali." Seremala akaingiwa na hofu. Karakana yake ilikwisha kufungwa. Bonde lile ndilo lililobaki kuwalisha wanawe.

Basi akasomba samadi mbichi ya ng'ombe, akaimwaga jarubani, maji yakiwa yamejaa. "Sasa mtaona mpunga!" alitamba. Badala yake majani yakawa ya manjano, na maji yakaanza kutoa mapovu kama chungu kilicho jikoni.

"Baba watoto, mbona maji yanachemka na hakuna moto?" mkewe aliuliza.

"Wewe na mbona zako! Hata siku ya harusi ulimuuliza mfungisha ndoa swali."

"Na alinijibu."

Mama yule akakunja gauni, akaingia topeni, akang'oa mche. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama yai viza. "Twende kwa bwana shamba."

"Yule kijana? Mtu mzima mimi nikafundishwe samadi?"

Mke aliomba dua fupi, akaufunga mche kwenye jani, akashika njia. Aliamini kuwa Mungu akimpa mtu swali, humpa na miguu ya kulifuata.

Bwana shamba aliunusa mche, akakunja uso. "Mama, samadi mbichi ikiozea majini humaliza hewa. Mizizi imekabwa koo. Toeni maji, tope lipumue. Samadi iliyobaki ichanganyeni na mabua, ioze kwanza nchi kavu."

"Na yale majani madogo yanayoelea pembeni mwa jaruba? Mpunga wa pale ni kijani kuliko mwingine wote. Kwa nini?"

Bwana shamba akavaa buti. "Hayo nikayaone mwenyewe."

Ilikuwa azola, mmea wa majini unaovuta rutuba kutoka hewani. Mama na bwana shamba walipotoa maji, waliukanyagia topeni uoze, uwe chakula cha mpunga. Seremala aliwatazama kutoka juu ya tuta, mikono nyuma. Mwishowe akavua viatu.

"Eti, kijana," akasema kwa sauti ya chini, "nikanyage mpaka wapi?"

Taratibu mizizi mipya, myeupe, ikachipuka. Kaka mtu alipokuja na mfyatua matofali, alikuta masuke yameinama kwa uzito. Akachuma punje, akaitafuna, akachuma nyingine.

"Humu mlitia nini?"

"Muulize shemeji yako," seremala alijibu. "Mimi nilitia samadi. Yeye alitia maswali."

Kaka mtu akacheka hadi akashika mbavu, kisha akamgeukia mgeni wake. "Ndugu yangu, udongo wa matofali katafute kwingine. Hapa pana mpunga."

Hakika, kuuliza si ujinga.