Pete Iliyoachana Mtoni

Wamesimulia waliohifadhi habari za waja wema kwamba katika nchi ya Amerika, zama zile magharibi ya milima palipokuwa bado msitu mtupu na vijiji vya walowezi ni vya kuhesabika, aliishi mhunzi mmoja mcha Mungu aitwaye Yunusa. Asili yake ilikuwa Futa, huko Afrika Magharibi. Alitekwa angali kijana, akauzwa, akatumikishwa miaka mingi kwenye matanuri ya chuma, hata Mola alipomjaalia akapata uhuru wake. Ndipo akahamia kando ya mto mkubwa pamoja na mkewe Dina na mwanawe wa pekee, Isiaka. Walowezi walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Jonas. Aliwapigia farasi wao viatu, akawafulia majembe na mashoka, na wakati wa sala ulipoingia aliweka nyundo chini, akatawadha, akaelekea kibla, mteja awepo asiwepo.

Kijijini hapo palikuwa na pantoni ya kuvushia watu na magari ya ng'ombe. Ilivutwa kwa mnyororo mrefu, na mwenyewe, mzungu mmoja mkavu aitwaye Tavish, alisimama ukingoni akizungusha gurudumu la kuuvutia. Huyu Tavish, katika miaka yote ya ujirani, hakupata kuitikia salamu ya Yunusa.

Basi theluji ya milimani ikayeyuka, mto ukafura, na siku moja mnyororo ukakatika pantoni ikiwa katikati ya maji. Gari la mlowezi Ezra Piket likatumbukia, na ndani yake mkewe na binti yao mchanga. Ezra aliokolewa. Wale wawili walipatikana kesho yake asubuhi wamenasa kwenye mizizi, mama angali amemkumbatia mtoto. Yunusa alikuwa miongoni mwa waliowatoa.

Watu wakatafuta wa kumtwika msiba. Tavish na Ezra walionekana wakigombana kabla ya kuvuka, na Ezra alipoulizwa ugomvi ulikuwa wa nini, alijiinamia tu. Wakasema, "Tavish ameuachia mnyororo kwa hasira." Wakamfunga kamba, wakaazimia kumnyonga jioni ile ile, kabla ya maziko.

Yunusa akatumwa kuutoa mnyororo majini, kwani chuma kilikuwa adimu. Akavuta, akavuta, hata ncha iliyokatika ikamfikia mkononi. Akaiangalia, akakaa topeni. Pete ile ya mnyororo haikuachiwa na mkono wa mtu. Ilikuwa imeachana pale ilipoungwa, na ndani ya maungio palikuwa peusi, kama chuma kilichogongwa kabla ya kuiva. Tena aliijua. Wakati wa baridi, yeye akiwa kitandani kwa homa, Tavish aliuleta mnyororo huo kutengenezwa, na aliyeutengeneza ni Isiaka.

Akaichomoa pete ile mnyororoni, akaenda nayo nyumbani.

"Isiaka, hii ni kazi ya nani?"

Kijana akaitazama, uso ukamsawijika. "Yangu, Baba."

"Hukuona kwamba haikushika?"

"Niliona. Mkaa ulikuwa umekwisha. Nikasema nitairudia ukipatikana." Akameza mate. "Kisha nikasahau."

Yunusa alikuwa ameomba njia nzima asikie jambo jingine, lolote lile.

Dina akaipokonya ile pete. "Itie motoni, Baba Isiaka. Iyeyuke sasa hivi."

"Na Tavish?"

"Tavish wakimnyonga, ipo siku watajuta. Wakimnyonga mwanangu, nani hapa atajuta? Niambie wewe!"

Yunusa alijua kwamba mkewe amesema kweli. Akasimama kuswali alasiri, rakaa zikampotea, akaanza upya. Alipotoa salamu, alimwambia mkewe kwa upole, "Mimi nimewahi kufungwa kamba bila kosa, Dina. Watu wakaona, wakapita. Siwezi kupita."

Akaichukua pete mkononi mwa Dina, akatoka.

Walowezi walikuwa wamekusanyika ghalani, Tavish amekwisha kuvikwa kitanzi. Yunusa akainua pete.

"Mabwana, mtu huyu hakuachia kitu. Mnyororo uliungwa kiwandani kwangu, ukaungwa vibaya. Dhamana ni yangu."

Mzee wa kijiji, Bwana Haskel, akauliza, "Uliunga wewe mwenyewe, Jonas?"

Neno moja, "ndiyo," lingemwokoa mwanawe, nalo lingekuwa uongo mbele ya Mola wake. Kabla hajafumbua kinywa, akasikia sauti mlangoni.

"Si baba. Ni mimi."

Alikuwa Isiaka, mama yake amemng'ang'ania mkono wa shati. Wanaume wakainuka kwa kishindo. Mmoja akakivua kitanzi shingoni mwa Tavish, akamwendea kijana. Yunusa akafumba macho.

"Mwacheni!"

Aliyepaza sauti ni Ezra, mwenye kufiwa. Alisimama akiyumba kama mlevi.

"Tavish alinikataza kuvuka. Alisema mto umefura, mnyororo hautahimili, nisubiri maji yapungue. Ndio uliokuwa ugomvi wetu. Nikamtukana, nikamwambia asipolizungusha gurudumu, nitalizungusha mimi. Mke wangu naye alinisihi tusubiri." Akajifunika uso. "Nikaona afadhali Tavish afe, kuliko mimi kuyasema haya."

Kamba ikamdondoka yule aliyeishika. Bwana Haskel akasema kwa sauti ya chini kwamba damu iliyokwenda yatosha, na kila mtu arudi kwake.

Isiaka akamfuata Ezra kuomba radhi. Ezra hakumwambia amemsamehe. Alimpa sepeto. Wakachimba pamoja kaburi la mama na mtoto, kila mmoja akilia upande wake.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Wengi walikataa kumpelekea Yunusa kazi, na kabla ya mavuno kiwanda chake kikatiwa moto na mtu asiyejulikana. Akahama na jamaa zake, akaanza tena mbali zaidi magharibi. Dina alimnunia kwa muda mrefu, naye akamstahimilia, kwa kuwa alijua kwamba siku ile alikuwa karibu kumnyang'anya mwanawe wa pekee.

Tuzingatie jambo hili, ndugu zangu. Yunusa hakujua lililofichika moyoni mwa Ezra. Alipovuka kizingiti cha ghala, aliamini anampeleka mwanawe kufa, na bado alivuka. Wengi wetu husema kweli tukishaona mlango wa kutokea. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kuisema hata tusipouona, na awarehemu wote waliozama.