Mashahidi wa Friza

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aende zake. Mtaa wa Sofia, pale Voi, kulikuwa na majirani watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Mzee Righa, msukuma mkokoteni, alipewa kumbukumbu: neno likimwingia sikioni halitoki. Mghoi, fundi cherehani, alipewa kutotupa: risiti ya chumvi ya mwaka juzi bado anayo, kwenye kopo la majani. Na Mwakio alipewa Kizungu. Alikitafuta chuo kikuu miaka minne, na tangu hapo kimemsaidia kusoma matangazo ya kazi ambazo hapati.

Jirani yao, Mama Chao, alichukua friza kwa mkopo ili auze barafu. Ajenti wa kampuni akataka mashahidi watatu. Nani angekataa? Kwenye harusi wanatia sahihi, kwenye mahari wanatia sahihi. Hata Mwakio, na degree yake, alitia bila kusoma. Mvua ilikuwa inaanza, na Mama Chao alikuwa ameshamimina chai.

Mwaka haujaisha, Mama Chao akafariki, stima ikaja kwa kishindo ikaunguza friza, na wale watatu wakaletewa barua za korti. Laki moja na nusu. Bei ya friza yenyewe haikufika nusu ya hiyo, lakini riba, my friend, haizikwi na mtu.

Mwakio akaisoma barua mara mbili. "Hapa hatukuandikwa mashahidi," akasema. "Tumeandikwa guarantors. Wadhamini. Yeye asipolipa, tunalipa sisi."

"Na wewe msomi siku hiyo ulikuwa wapi?" Mghoi akamuuliza.

"Nilikuwa kando yako, nakunywa chai."

Bila yeye, wangelipa bila kujua walivyochezwa.

Mzee Righa akafumba macho. "Yule kijana, ajenti, alisema hivi: 'Mzee, wewe ni shahidi tu, kama wa harusi. Bwana arusi akitoroka, si shahidi atakayeoa.' Tukacheka. Kisha akaandika majina yetu kwenye karatasi, akamwachia Mghoi."

Bila yeye, hakuna ambaye angekumbuka kwamba karatasi hiyo ipo.

Mghoi akamwaga kopo kitandani. Karatasi ikatoka katikati ya risiti za vifungo na kadi za kliniki za watoto: mhuri wa kampuni, mwandiko wa ajenti, na juu kabisa, kwa Kiswahili, *Mashahidi*. Bila yeye, yote waliyoyasema yangekuwa hewa.

Wakaipeleka kwa Wakili Malemba, aliyekuwa akisaidia watu bure kwenye ukumbi wa kanisa. Akaisoma, akatabasamu, akatoka nje kumpigia simu wakili wa kampuni. Aliporudi, tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Karatasi imewasumbua, lakini si sana. Wako tayari kuliondoa jina moja kwenye kesi. Sisi tuwape hiyo karatasi, na deni lote libaki kwa wawili."

"Tukikataa?" Mwakio akauliza.

"Kesi ni baada ya miezi mitatu. Mfadhili wetu ameondoka, huduma hii ya bure inafungwa Ijumaa. Mtasimama peke yenu, watasema karatasi ni ya kughushi, na ajenti mwenyewe hapatikani. Mtashindwa wote. Siwadanganyi."

Sasa angalieni. Cherehani ya Mghoi ndiyo karo ya watoto wawili, na madalali wameshakuja kuipiga picha. Mzee Righa ana miaka sabini na moja na mkokoteni mmoja. Mwakio, baada ya miaka sita ya kutembeza bahasha, ana barua ya kazi ya karani. Waajiri wanataka tu cheti cha CRB, wale wanaotunza orodha ya wenye madeni, kwamba hadaiwi. Kufikia Jumatatu.

"Ni mimi niliyesoma," akasema Mwakio.

"Ulisoma baada ya kutia sahihi, baba," Mghoi akasema. "Karatasi ni yangu."

"Ungejua unayo bila mimi?" Mzee Righa akasema. "Niandikeni mimi, nife sidaiwi."

"Mzee, wewe utakufa hudaiwi, deni litabaki kwetu," Mghoi akasema. "Si tumeona kwa Mama Chao?"

"Nikipata hii kazi," Mwakio akasema, "nitawasaidia kulipa. Kila mwezi. Serious."

"Mama Chao pia alisema kila mwezi," Mghoi akajibu, "na alikuwa mtu mzuri."

Wakili akaweka fomu mezani, ya Kizungu kama kawaida, na kalamu akampa Mwakio, maana ndiye aliyeielewa. Ilipaswa kufika kortini kabla hakujafungwa saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwakio akaandika tarehe. Akaandika nambari ya kesi. Akafika kwenye mstari wa jina la atakayeondolewa kwenye kesi, akainua kalamu. Wenzake walimtazama.

Mmoja alisoma, mmoja alikumbuka, mmoja alitunza, na kalamu iko kwa mmoja wao, mwenye njaa kama wao. Basi ninyi mnaosikiliza, na hasa wewe unayejiona mwadilifu kwa sababu hudaiwi: kwenye mstari ule, wewe ungeandika jina la nani? Na mkitoka nje ya ule ukumbi, wale wawili ungewaambia nini?