Ng'ombe Aliyevaa Kandambili

Wapendwa, naomba muiweke picha hii mbele ya macho yenu. Ni njia ya vumbi jekundu, saa za mchana. Kushoto kuna shamba la muhogo, kulia mtama. Mbele kidogo, katikati ya majani, imesimama nguzo fupi ya saruji iliyopakwa chokaa. Hiyo ni alama ya mpaka. Ukiwa huku uko nchi moja, ukipiga hatua uko nchi nyingine, na vumbi ni lile lile. Mbuzi wanajikuna mgongo kwenye nguzo ile, kisha wanakwenda zao upande wowote wanaotaka. Mnaiona? Vizuri. Sasa tazameni chini, kwenye vumbi. Kuna nyayo. Shikeni picha hiyo, tutairudia.

Upande huu na upande ule wa nguzo ile kulikuwa na vijiji viwili. Watu wake walioana, walizikana, waliuziana mahindi siku ya gulio. Na walikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja. Ng'ombe akiibwa, mwenyewe anapiga yowe. Kila anayelisikia anaacha alichoshika na kukimbia. Wanafuata nyayo. Nyayo zikifika kwenye nguzo, wanapuliza pembe, na watu wa upande wa pili wanakuja kuzipokea. Neno lao ndilo hilo: kuzipokea. Tangu hapo nyayo ni zao. Wazifuate mpaka waonyeshe zilipotoka kwao kwenda mbele, au wamtoe ng'ombe. Hakuna kusema sisi hatujui. Hakuna kusema hayo ni mambo ya serikali yenu. Ng'ombe hakuwahi kuulizwa kitambulisho.

Katika kijiji cha upande huu aliishi mama mjane, muuza dagaa. Alikuwa na binti mmoja, darasa la sita, mtoto wa kupenda kusoma kwa sauti hata maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Siku ya gulio mama alimwacha nyumbani akifua sare yake. Aliporudi, sare ilikuwa kwenye kamba, bado inadondosha maji. Sufuria ilikuwa mekoni, maji yamekauka. Mtoto hayupo.

Akamuuliza jirani.

"Si amekuja baba yake mdogo," jirani akasema. "Amesema wanakwenda kumsalimu shangazi ng'ambo."

"Shangazi gani? Ng'ambo hatuna shangazi."

Jirani akaangalia pembeni. "Mimi nilifikiri unajua. Watu wanasema kuna mzee kule anatafuta mke wa tatu."

Ndugu zangu, kwa nini wampeleke ng'ambo? Kwa sababu upande huu mwalimu anamjua. Nesi wa zahanati anamjua, alimchanja akiwa mchanga. Ng'ambo hakuna anayejua kwamba yuko darasa la sita. Ng'ambo, mkimvika kanga mbili na kumfunga kilemba, anaitwa bibi harusi.

Mama akakimbia kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alimpa kiti, akamwagizia maji.

"Pole sana, mama. Pole. Wamevuka?"

"Wameelekea kwenye nguzo. Hata saa moja haijaisha. Ukitoa watu sasa hivi tunawakuta."

"Ndiyo hapo sasa." Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Wakishavuka, mikono yangu imefungwa. Kule kuna wenyewe. Na tena huyo ni baba yake mdogo, ni mambo ya ukoo. Wewe tulia, kesho asubuhi nitakwenda kituoni niulize utaratibu."

"Kesho asubuhi atakuwa ameshaolewa."

"Nakuelewa, mama. Nakuelewa kabisa. Maliza maji."

Mnaona? Alimhurumia kweli. Maji aliyompa yalikuwa ya baridi, ya kwenye mtungi. Lakini huruma ile ilikuwa na kiti chake, na haikuinuka kwenye kiti.

Mama akatoka nje. Akasimama barabarani, katikati ya watu wanaorudi kutoka gulioni. Na pale, wapendwa, akakumbuka jambo. Masika yaliyopita jirani yake aliibiwa ndama, ndama mgonjwa tena, wa kutupa. Kabla ugali haujaiva, vijiji viwili vizima vilikuwa njiani.

Akaweka mikono kichwani, akavuta pumzi, akapiga yowe. Na hakulia, "Mtoto!" Alilia, "Ng'ombe! Ng'ombe amechukuliwa!"

Mngewaona watu. Kinyozi alimwacha mteja na kichwa nusu. Waliokuwa wakicheza bao waliacha kete zao. Mwenye bucha alitoka na aproni yake, kisu bado mkononi, na kwa kuwa alijua ng'ombe kuliko wote, ndiye aliyetangulia mbele kusoma nyayo. Kwenye yowe watu hukimbia kwanza, huuliza baadaye.

Walikimbia. Mama naye alikimbia, pembeni ya yule mwenye bucha. Baada ya mwendo kidogo, mwenye bucha akapunguza kasi. Akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

"Shemeji, wewe una ng'ombe tangu lini?"

Mama akaendelea kukimbia, macho mbele.

"Maana huyu tunayemfuata amevaa kandambili. Ya kushoto imefungwa kwa waya."

Mama akasema, "Nilimfungia mwenyewe jana."

Mwenye bucha akasimama. Akatazama nyuma, watu wale wote wanatweta, marungu mabegani. Akatazama mbele, alama za viatu vidogo kwenye vumbi, na kando yake za buti za mtu mzima zinazokwenda kwa haraka. Mahali pengine kandambili zilikuwa zimeburutwa. Yeye naye alikuwa na watoto nyumbani.

Kisha akapaza sauti. "Nyayo hizi hapa! Twendeni!"

Sisemi uongo ni mzuri. Nimekuwa nikiwaambia hivyo watoto wa darasa la Jumapili, na nitaendelea kuwaambia. Lakini nawauliza ninyi watu wazima: nani aliyemfundisha mama yule kwamba kwa ng'ombe tutakimbia, na kwa mtoto tutampa kiti na maji ya baridi?

Wakafika kwenye nguzo. Pembe ikapulizwa. Watu wa ng'ambo wakaja wakikimbia, wakiongozwa na mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu, na nyuma yao wanawake waliokuwa wakitoka kisimani na ndoo zao.

"Tumekuja kupokea," akasema mwenye kofia. "Ng'ombe wa rangi gani?"

Mwenye bucha akamtazama mama. Mama akasogea mpaka miguu yake ikagusa nguzo.

"Si ng'ombe," akasema. "Ni mtoto wangu wa kike. Amevukishwa aende kuozwa. Yuko darasa la sita."

Hapo manung'uniko yakaanza. "Mama, umetutoa kwenye kazi kwa uongo?" "Mambo ya ukoo hayo." Na mmoja kule nyuma, mcheshi wa kijiji, akasema, "Mimi nimeacha bao nikiwa nashinda," na wachache wakacheka.

Mama hakupandisha sauti. "Ndiyo, nimewadanganya. Na ninyi niambieni ukweli. Ningelia mtoto, mngekuja?"

Kinyozi akaanza kukung'uta nywele kwenye shati lake, nywele ambazo hazikuwepo.

Mwenye kofia akachuchumaa. Akaweka kiganja chake kando ya alama ya kandambili. Kiganja kilikuwa kirefu kuliko kiatu.

"Nyayo zimeingia kwetu?" akauliza.

"Zimeingia," akasema mwenye bucha.

"Basi ni zetu." Akainuka. "Tumezipokea."

Na hapo mwanamke mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa bado na ndoo kichwani, akasema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na wa kwetu waliovukishwa kuja kwenu, nyayo zao alizipokea nani?"

Mwenye bucha alitazama kisu chake. Watu wa upande huu walikuwa wamewaona, ndugu zangu. Waliwaona wakipita na kanga mpya, wakawapigia vigelegele.

Waliifikia nyumba ya yule mzee jua likiwa bado juu. Chungu kilikuwa jikoni, mkeka umetandikwa. Baba mdogo akatoka, akaona vijiji viwili vimeizunguka nyumba, akajaribu kucheka.

"Jamani, mmepotea? Hapa hakuna ng'ombe."

"Tunajua," akasema mwenye kofia. "Mtoe mtoto."

"Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nani ana uchungu naye kuliko mimi?"

Mwenye bucha akamjibu, "Huyo hapo," akamwonyesha mama, aliyekuwa amesimama na miguu ya vumbi mpaka magotini. "Mtoe, ndugu yangu. Halafu tutakwenda wote mpaka vituo vya polisi, cha huku na cha kwetu, ukawaeleze uchungu wako."

Yule mzee aliyekuwa akingoja mke alikuwa ameketi kwenye mkeka amevaa koti lake la harusi. Alitazama watu wale mmoja mmoja. Wengine walikuwa majirani zake, watu waliokula naye. Na hao ndio waliomshinda. Angekuwa mama peke yake, angemfukuza. Angekuwa mwenyekiti wa ng'ambo peke yake, angemuuliza ana karatasi gani. Lakini huwezi kuwafukuza majirani zako na wageni wao kwa mara moja. Akainuka akaingia ndani kuelekea mlango wa nyuma, na wanaume wawili wakaenda kusimama huko.

Binti akatoka. Kilemba kimemfunika mpaka kwenye nyusi, uso umevimba kwa kulia. Kandambili moja alikuwa ameivaa, ya waya ilikuwa imekatika, ameishika mkononi. Akamwona mama yake. Mnajua neno la kwanza alilosema?

"Mama, umeanua sare yangu?"

Mama akamvua kile kilemba, akakiacha pale pale chini.

Wakaanza kurudi, mama na binti wametangulia, na umati nyuma yao. Walipokaribia nguzo binti akauliza, "Mama, watu wote hawa wametoka kumtafuta nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mwanangu."

Wapendwa, sikilizeni vizuri hapa. Binti yule alisimama. Akageuka nyuma. Akatazama katikati ya wale wanaume, akatazama kulia kwao na kushoto kwao, akanyanyuka kwa vidole vya miguu ili aone vizuri. Alikuwa akimtafuta ng'ombe.

Hakuamini. Alizaliwa kijijini pale, alikulia pale. Alijua kinachowakimbiza watu wa kwao.

Sasa tusiwaonee wale wa kwenye mfano. Tujitazame sisi. Sisi tulioketi hapa tunavuka nguzo kila wiki. Kwaya yetu inavuka kwenda kuimba, na yao inakuja. Mazishi tunavuka, hata mvua ikinyesha. Bei ya mahindi ikipanda kule, nani kati yetu haijui kabla ya jioni? Na ng'ombe akiibwa, nani hajui cha kufanya? Basi huo mkono tunaonyosheana kwa ng'ombe tunao tayari. Hatuhitaji kuuomba kutoka mbali. Ni kuunyosha tu kwa ajili ya mtoto wa kike, na kwa ajili ya yule dada anayevuka alfajiri akiwa na jicho lililovimba, anakimbia nyumba inayompiga, nasi tunamuuliza kwa nini amemwacha mumewe.

Tukikaza ulinzi upande huu peke yetu, hatujamwokoa mtoto, tumemwongezea urefu wa safari. Wao wakikaza peke yao, ndivyo hivyo hivyo, wanatuletea sisi. Tutakuwa kama watu wawili wenye ua mmoja katikati, kila asubuhi kila mmoja anafagia takataka kwa mwenzake, na kila mmoja anajisifu kwamba uwanja wake ni safi.

Kwa hiyo siku ya gulio linalokuja, baada ya kuuza na kununua, wazee wetu na akina mama wetu watakutana na wenzao pale pale kwenye nguzo. Tutakubaliana kwamba liko yowe la mtoto, na kwamba likisikika tunakimbia kama tunavyokimbia sasa, na likifika mpakani linapokelewa. Tutawaalika walimu wa shule zote mbili na manesi wa zahanati zote mbili, maana wao wanawajua watoto kwa majina na kwa umri. Wewe uliye na aibu kwa sababu mwaka jana ulipiga vigelegele, njoo pia. Hatutakuuliza. Tunahitaji miguu yako.

Nami najua mtayasahau mengi niliyosema, mkifika nyumbani na njaa. Si neno. Mwenyekiti na kiti chake mnaweza kumsahau, na mwenye bucha pia. Naomba mkumbuke kitu kimoja tu. Kila mnapomwona binti njiani, wa kwenu au wa ng'ambo, mkumbukeni yule aliyesimama kwenye vumbi, kandambili mkononi, akigeuka nyuma kumtafuta ng'ombe.