Pancha ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, baiskeli zilikuwa mali ya wanyama, na binadamu bado alikuwa akienda kwa miguu. Asubuhi moja wanyama watatu walipanda baiskeli zao kwenda harusini. Wa kwanza alikuwa Nyati, mwenyekiti wa msafara, aliyejichagua mwenyewe. Wa pili alikuwa Fisi, ambaye hakula tangu jana yake ili tumbo lipate nafasi. Wa nyuma kabisa alikuwa Pimbi, mdogo kama furushi la nguo.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Zuwena, dada yake Pimbi. Wazazi wao walikwisha kufa, na Pimbi ndiye aliyemlea. Asipofika adhuhuri kumkabidhi dada yake kwa mumewe, ndoa haifungwi. Nyati na Fisi walifuata pilau tu.

Walikuwa wamechanga pamoja, wakanunua pampu na kimkoba cha viraka na solusheni. Nyati alichukua kimkoba, kwa kuwa ni chepesi. Pampu ya chuma akabebeshwa Pimbi.

Njia ilikuwa ya vumbi na miiba. Walipofika juu ya kilima, tairi la mbele la Pimbi likalia psssss, likalala.

"Wazee, nimepata pancha," Pimbi akaita. "Naomba kiraka kimoja."

Nyati akasimamisha baiskeli bila kushuka. "Viraka vimebaki viwili, bwana mdogo. Nikipata pancha mimi je? Msafara utaongozwa na nani?"

"Lakini tulichanga sote, mzee. Na anayeolewa ni dada yangu."

"Tutamsalimia," akasema Fisi, huku anameza mate. "Na chakula chako hakitapotea. Mimi nitakishughulikia."

Wakacheka, kha kha kha, wakaanza kukanyaga pedali.

Pimbi alibaki ameshika usukani. Akamfikiria Zuwena amekaa na hina yake, anatazama mlangoni. Kisha akainama, akauchomoa mwiba tairini, akauficha chini ya ulimi.

"Haya, nendeni salama," akapaza sauti. "Ila huko mbele mpunguze upepo. Jua hili linapasua matairi."

Baiskeli mbili zikasimama.

"Nani kasema?" akauliza Nyati.

"Hili langu limepasuliwa na nini? Njooni mtafute mwiba."

Wakarudi. Fisi akapapasa tairi lote, nje na ndani, akanusa mpaka spoku. Mwiba hakuuona.

"Kweli hakuna," akanong'ona.

"Upepo ukipata joto unavimba," akasema Pimbi. "Ukikosa nafasi, unatoboa. Na aliye mzito ndiye anayeubana zaidi. Lakini mzee Nyati ni mwenyekiti, bila shaka analijua hilo kuliko mimi."

Nyati hakuwa amelisikia hata siku moja. Akakohoa. "Nalijua siku nyingi. Nilikuwa nangoja tushuke kilima ndipo niwaambie. Fisi, fungua valvu."

"Nifungue kiasi gani?"

"Mpaka nikwambie basi."

Psssss ya Nyati, psssss ya Fisi. Nyati hakujua aseme basi saa ngapi, kwa hiyo hakusema. Matairi manne yakalala chini kama ulimi wa mbwa.

Nyati akapanda. Ngo, ngo, ngo, rimu ikagonga mawe, meno yakamgongana. Fisi alikwenda hatua tatu, akaanguka kichakani.

"Imezidi kidogo," akasema Nyati. "Pimbi, lete pampu."

"Pampu ipo, mzee. Niwekee kimkoba hapo chini."

Nyati akakitupa bila kufikiri. Pimbi akakaa kitako. Akasugua tyubu kwa jiwe, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika kiraka. Hakufanya haraka. Kisha akapiga pampu, fwii, fwii, mpaka tairi likawa gumu.

"Sasa sisi," akasema Fisi.

"Ninyi? Jua ndiyo kwanza linapanda," akajibu Pimbi, akaifunga pampu kwenye baiskeli yake. Akatema mwiba kiganjani, akamtupia Nyati miguuni. "Huo hapo, mwenyekiti. Weka kwenye kimkoba."

Nyati akauinamia, akaukodolea macho. Alipoinua kichwa ili amrukie, Pimbi alikuwa keshaingia mtelemko, kengele inalia kring kring, vumbi linamfuata.

Kumkimbiza wangeweza, lakini ingebidi waziache baiskeli. Nyati hakumwamini Fisi, na Fisi hakumwamini Nyati. Basi wakazikokota, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwa pembe ya jicho.

Pimbi alifika adhuhuri, amejaa vumbi mpaka kope. Alimshika Zuwena mkono, akamkabidhi kwa mumewe, akalia kidogo, akala sana.

"Kaka, wenzako wako wapi?" Zuwena akamuuliza.

"Wanakuja. Leo wameamua kuzitembeza baiskeli zao."

Nyati na Fisi walipofika, masufuria yalikuwa yamefudikizwa juani, yamekauka. Fisi akalifunua moja, akalilamba. Lilikuwa na ladha ya sabuni.

Wanangu, ukimwacha mwenzako njiani kwa kuwa ni mdogo, usimlaumu akikutangulia mezani.