Nusu ya Mjukuu

Alikuwako katika mji wa Shamsani sultani aitwaye Lutufi bin Hazimu, mtu wa moyo mlaini na hasira za karibu, na jirani yake alikuwa Sultani Idarusi wa Kaulani, ambaye alisoma naye chuo kimoja, wakapigana humo kila siku na kupatana kila siku. Na mapenzi yao yakazidi pale Lutufi alipomwoza binti yake, Nuriati, kwa mwana wa Idarusi.

Basi siku moja Idarusi, kwa ushauri wa mawaziri wasio na kazi, akatoza ushuru asali ya Shamsani. Lutufi akawaka, akalipiza kwa kutoza kahawa ya Kaulani, na Idarusi akajibu kwa kutoza nta, na Lutufi akajibu kwa kutoza mazulia, na raia wa miji yote miwili wakabaki kushika tama, kwani bei iliwapandia wao wala si masultani. Mwisho Lutufi akasugua pete yake, akatoka jini Zangarudi, na Lutufi akamwamuru asimame mpakani na kila kitokacho Kaulani akitoze nusu, asimwonee mtu haya.

Ila hasira, jamani, ilimsahaulisha jambo moja: Nuriati alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungua. Akaja kwenye machela, mkwewe Idarusi akitembea ubavuni na kumshikia mwavuli, na uchungu ukamshika pale pale mpakani. Zangarudi akaizuia machela. Binti, alisema, ni wa Shamsani na apite. Lakini aliye tumboni ni wa Kaulani, naye atatozwa nusu.

Lutufi alipopata habari alitoka mbio pekupeku, kilemba kikimfungukia njiani, na alipomwona mwanawe anauma ushungi kwa maumivu alilia mbele ya askari wake. Akamwambia jini kwamba ameifuta amri.

"Bwana wangu mtukufu," Zangarudi akajibu kwa adabu, "amri ya pete haifutiki kabla haijalipwa, na ushuru hulipwa na apokeaye mzigo. Mpokeaji ni wewe. Nipe nusu ya mtoto, au kitu unachokiona kina thamani sawa."

Lutufi akawaza hazina yake, akaiona ndogo. Akawaza kasri, nalo akaliona dogo.

"Chukua nusu ya usultani wangu, upande huu wa mpakani," akasema, "na uwe mali ya mtoto huyu."

Sasa Idarusi, tangu chuoni, hakuwahi kupigwa pigo asilirudishe. Akasimama wima na mwavuli wake.

"Ala, Lutufi, wanishinda mbele ya mke wa mwanangu? Basi nami nalipiza. Nusu ya Kaulani, upande unaopakana nawe, ni ya mjukuu wangu."

Jini akainama, akaachia njia. Na kuanzia saa ile asali na kahawa zikapita bure, kwani kila mzigo ulipita katika nchi ya mtoto, na babu gani atamtoza mjukuu wake? Nuriati akajifungua salama mtoto wa kike, na wale wazee wawili wakaanza kugombana upya, nani amwadhinie.

Nawe unisikilizaye, siku utakapotaka kumkomoa jirani, tazama kwanza ni nani wako aliye njiani.